Kobe ya Chini ya Kitanda

Ukuta kati ya lupango yangu, kiwanja ya nyumba, na ya Constantin iko mufupi. Shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, alisema, tangu mwaka juzi, atatuma bantu bapandishe matofali mistari tatu, na matofali haikukuja. Kama ukuta ingekuwa murefu, singeona gamba ya kobe yake, na singefanya ile nilifanya. Sisemi sina kosa. Ninasema tu ukuta iko mufupi.

Mimi ni Chola. Masomo niliachia mwaka wa ine wa primere, kiisha nikafanya kazi ya sentineli, mulinzi, miaka makumi mbili na tatu ku depo moja ya simenti, mpaka bakubwa bakaleta kamera na kuniambia asante. Bibi yangu wa ndoa, Marie-Thérèse, njo alikuwa analisha nyumba. Alikuwa anauza samaki ya Kasenga ku soko. Siku moja, mwezi ya kumi, alifungua kitunga ya samaki akakuta ndani kobe mbili ndogo za maji, kila moja kama kifuniko ya bido ya mayi. Kwao ku Kasenga banaiita fulwe. Moja akaleta ku nyumba. Ya pili akapatia Constantin, jirani.

Sikumuuliza juu ya nini alimupatia. Nilifikiri niko na wakati ya kuuliza.

Wiki sita kiisha akafa. Daktari alisema ni presha. Mimi ninasema ni courant, umeme: ilikatika saa tano ya muchana, mashini ya pumuzi ikanyamaza, na ule alikuwa na ufunguo ya jenereta alikuwa amekwenda kula. Lopitali sitataja jina. Bakubwa yake banajijua.

Nyuma ya maziko, ndugu zake ba Kasenga balikaa siku tatu. Mudogo wake Angélique, mulamu wangu, alikuwa anatembea mu nyumba mikono nyuma, hagusi kintu, anaangalia tu. Masafuria, bitenge, mashini ya kushona, beseni kubwa ya emaye. Kwao, bintu ya marehemu ni ya ndugu zake. Kilio ikimalizika, banarudi kugabula, kila ndugu na sehemu yake. Siku ya kuondoka akaniambia, "Papa Chola, utuchungie bintu ya dada vizuri, sisi tutarudi."

Nikaitikia. Lakini kobe sikumuonyesha. Bintu ingine yote achukue, nilisema mu roho, hii hapana. Ilikuwa kintu ya mwisho Marie-Thérèse aliingiza mu ile nyumba na mikono yake. Kwa hiyo nikaiweka mu beseni ile ya emaye, nikatia mayi, nikasukuma beseni chini ya kitanda, nikashusha kitambala ya kitanda mpaka chini. Kazi yangu ya maisha yote ni kulinda, na kintu unalinda unaiwekaka fasi mwanga haifiki. Mwizi haibi kile hajaona.

Sikuitesa. Nilikuwa ninaipatia bukari, ugali yetu, na nyama ya samaki tomsoni nimeshatosha mifupa inje moja moja isiikwame. Kila samedi, jumamosi, nilikuwa ninaitosha mu mayi, ninaifuta, ninapakaa gamba mafuta ya mawese kama vile nilikuwa ninapakaa bilato, biatu ya kazi. Ilikuwa inangaa. Ilikuwa inanuka pia, juu hii kobe ukiishika inatosha harufu yake ya hasira, lakini nilizoea.

Mwezi ya tatu, nikiwa ninapakaa mafuta, kidole yangu ikaingia. Gamba ilibonyea kama kifuniko ya kopo ya blubande, nikatosha kidole, ikarudi polepole. Nikaangalia vizuri. Pembeni ilikuwa inajikunja kwenda juu. Rangi ilikuwa imepotea, kama kitenge ya kufuliwa sana.

Nikajua ni mayi ya robine, ya bomba. Bale ba mayi banamwanga dawa bila kupima, bantu banawashwa ngozi, sasa kobe itafanya namna gani.

Asubui yake nikasimama pa ukuta, nikaona ya Constantin.

Constantin ni muntu wa Kasai, wazazi wake balikuja na treni wakati wa mukoloni, na yeye alizaliwa hapa hapa. Alisoma. Anauza chakula ya kuku na dawa ya bifugo ku magazini, duka ndogo pa avenue. Iko na suruali ya kupigwa pasi hata siku ya kufagia. Na iko na bibi, Clotilde, muzima, munene, mwenye kucheka. Kobe yake ilikuwa imelala juu ya jiwe katikati ya beseni, miguu yote ine imenyooka nyuma kama muntu wa likizo. Gamba yake ilikuwa nyeusi, ngumu, sawasawa. Constantin aliigonga na kucha. Ikalia ko, ko. Nilisikia mpaka kwangu.

"Bwana yangu anaotesha kobe jua," Clotilde akasema, anaanika nguo. "Mimi tangu tuoane hajaniotesha hata mara moja."

"Wewe gamba yako imeshakomaa," Constantin akajibu.

Bakacheka bote wawili. Nikashuka pa ukuta.

Nitaandika vile ilikuwa. Haikuwa ile gamba peke yake. Ilikuwa ile kucheka. Muntu iko na bibi, iko na magazini, iko na macho ya kusoma karatasi, na tena bibi yangu mwenyewe, mu kobe mbili, alimuchagulia yeye ile muzuri. Mimi bwana yake akaniachia ile ya kuoza. Nililala na ile neno, nikaamuka nayo, nikakula nayo. Kila asubui ko, ko. Nilikuwa ninajiuliza alimuonea nini. Alikuwa anaenda ku magazini yake kununua chakula ya kuku, hiyo ninajua. Lakini chakula ya kuku inapimwa dakika ngapi?

Dimanche ya Matawi, bakaenda ku misa bote wawili, na matawi mu mukono. Mimi nilikuwa nimesema niko mugonjwa. Nikatia kobe yangu mu mufuko ya shati, nikapanda ukuta na miaka yangu makumi sita na mbili. Goti ikalia. Nikafungua waya alifunika beseni yake, nikatosha ile ngumu, nikaweka ile laini, nikarudi. Haikupita dakika tano. Miaka makumi mbili na tatu nilifukuza bezi, sikujua kazi yao iko nyepesi vile.

Mangaribi nikasikia waya inafunguliwa.

"Clotilde," Constantin akasema, "kuja uone."

Sikusikia ingine, balikuwa banasema chini chini. Kiisha Clotilde akaanza kucheka, akaenda kucheka ndani ya nyumba. Nikangoja Constantin apige hodi. Siku mbili, wiki, hakukuja. Akinikuta pa mulango alikuwa ananisalimia, "Jambo, papa Chola," kama zamani. Nikasema mu roho, ule mwenye kusoma hata hajaona. Nikafurahi. Chini ya kitanda yangu, kila jioni, nilikuwa ninaigonga: ko, ko. Sasa mimi njo mwenye nayo.

Lakini macho haikuacha ukuta. Nilitaka kumuona anateseka na ile kobe laini.

Hakuteseka. Alifanya kazi. Asubui alikuwa anatosha beseni mu jua. Saa ine jua ikikuwa kali, anaisogeza nusu ibaki mu kivuli, kobe ijichagulie. Mayi ya robine alikuwa anaitia mu ndoo, inalala siku nzima mbele ya kuimwanga. Kapenta, samaki ndogo ya kukauka, alikuwa anailoweka itoke chumvi, anapatia kobe nzima nzima, na kichwa, na mifupa. Maganda ya mayai alikuwa anaichemusha, anaianika, Clotilde anaitwanga mu kinu ndogo mpaka inakuwa unga. Kila asubui nilikuwa ninasikia ile kinu. Na majani ya matembele, kidogo. Nilikuwa ninacheka peke yangu: muntu muzima anapikia kobe kuliko vile bakubwa banapikia bafungwa.

Mwezi ya sita, baridi ikaingia. Siku moja nikamuona anaishika juu, ananyanyua mbele ya macho, anabonyeza pembeni na kidole kubwa. "Inakuja," akasema. "Pembeni imeshika."

Pale wivu ikanikamata upya, na hii ilikuwa mbaya kuliko ya mbele, juu nilikuwa ninamuonea wivu na kobe ile ile nilimutupia.

Nikaingia ndani, nikapiga magoti, nikavuta beseni. Nikatosha ile yangu, ile nilimwibia, ile ngumu. Nikagonga. Haikulia. Nikabonyeza.

Kidole ikaingia.

Nikakaa chini pale pale, kobe mu mukono. Nikafikiri kwanza, Constantin aliitilia kintu. Nikafikiri mayi. Lakini mayi ni ya robine moja, tunavuta bote. Nikafikiri kobe yenyewe ilikuwa mbovu. Lakini nilikuwa nimeigonga mwenyewe miezi mbili, ilikuwa inalia. Nikazunguka kutafuta muntu wa tatu wa kubebesha kosa, bugumesta mukubwa wa muji, shefu wa kartie, muntu yeyote. Chini ya kitanda hapakuwa na muntu. Palikuwa na giza, beseni, na mafuta ya mawese juu ya mayi.

Kwa kuongeza, ile wiki Angélique akapiga simu. "Papa Chola, tunakuja samedi ya kwanza ya mwezi ya nane. Utayarishe munkoyo ya kunywa."

Nikaona yote mara moja. Nikiitosha mu jua, Angélique ataiona, ataichukua. Nikiiacha chini ya kitanda, itakufa, na nitakuwa nimelinda maiti. Siku ine sikuamua kintu. Kobe iliacha kukula. Macho yake ilivimba.

Siku ya tano nikasikia hodi. Ilikuwa Constantin, na chupa ya konfitiri, ya jamu, imejaa unga mweupe.

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Nimeleta unga ya maganda ya mayai."

"Ya nini? Mimi sina kuku tena."

"Ya kobe yangu," akasema. "Ile iko kwako."

Nilibaki nimeshika mulango. Alikuwa haniangalii mu macho, alikuwa anaangalia chupa, kama yeye njo mwizi.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu dimanche ya Matawi. Ile yangu ilikosa bidole mbili ku muguu ya nyuma. Wavu ilikata. Ile nilikuta mu beseni iko na bidole yote."

Sikuwa nimeangalia miguu hata siku moja. Nilikuwa ninaangalia gamba tu.

"Na ukanyamaza miezi yote hii."

"Ningesema nini, papa? Muntu amezika bibi, anapanda ukuta juu ya kobe. Clotilde alitaka kuja kukuuliza kama goti imepona. Nikamukataza."

Kiisha neno ile niliikalia tangu mwezi ya kumi ikatoka yenyewe.

"Juu ya nini alikupatia wewe ile muzuri?"

"Ile muzuri?" Constantin akaniangalia sasa. "Papa Chola, Marie-Thérèse alikuja ku magazini na zote mbili mu kitunga. Akasema, hii ya kukatwa bidole uchukue wewe, unajua dawa, kwetu itakufa. Ile nzima ni ya bwana yangu. Akasema, tangu bamutoshe ku kazi anakaa ku kiti anagombana na redio. Ninataka akuwe na kintu ya kulinda."

Kule ku kwao Clotilde alikuwa anatwanga.

Kiisha akauliza, "Iko wapi?"

Nikanyanyua kitambala ya kitanda. Suruali yake ya pasi, akapiga nayo magoti pa simenti. Akanusa mayi, akatia kidole, akaiona mafuta.

"Unaipakaa mawese?"

"Inangaa."

"Inangaa kama sanduku ya maiti. Mafuta inafunga gamba, uchafu inalala chini yake. Na unaipatia nini?"

"Bukari. Na tomsoni ya kutoshwa mifupa."

"Yaani unatosha ile inahitaji, unaipatia ile inabaki." Alisema bila kelele, kama vile anaambia mukiriya wa magazini. "Sikia. Gamba ni mufupa. Mufupa inataka unga hii, na jua, zote mbili. Unaweza kuitilia chupa nzima, bila jua haitaingia. Jua yenyewe, si ya kupita mu kioo ya dirisha. Asubui, na kivuli pembeni isichomeke. Jiwe ipande ikauke yote, tumbo na mugongo. Ukiona doa nyeupe, ukisikia harufu ya kuoza, uniite. Na mafuta ukule wewe."

"Angélique anakuja. Akiiona ataichukua."

Akafikiri. "Utaificha ile siku?"

"Kama inafaa."

"Siku moja ya giza haitaiua. Lakini wewe ninakujua. Siku moja kwako inakuwa mwaka."

Hiyo ilinichoma, juu ilikuwa kweli, na ilitoka mu kinywa yake. Nikamuambia arudishe kobe yangu basi, ile nzima, ile bibi aliniachia mimi. Akatingisha kichwa.

"Nikikupatia leo, mwezi ya kumi itakuwa kama hii. Ponyesha yangu kwanza. Siku itakuwa ngumu, ulete, tutabadilisha. Na upite kwa mulango."

Nilimuchukia ile siku kuliko siku zote. Lakini unga nilibakia nayo.

Ile wiki nikaanza. Nilipangusa gamba na mayi na buroshi ya meno ya zamani mpaka mafuta ikatoka. Nikatafuta jiwe. Nikatosha beseni mu jua, nikafunika na waya juu ya bikwangala, ile ndege ya kuiba, nikakaa pembeni yake ku kiti. Nyuma ya siku sita ikakula kapenta moja, na kichwa. Nilitaka kumuambia muntu. Muntu alikuwa Constantin tu, kwa hiyo sikuambia muntu.

Samedi ya kwanza ya mwezi ya nane, Angélique akakuja na bantu nane na kamyoneti. Bakakunywa munkoyo, bakalia kidogo, bakaomba Mungu, bakagabula. Masafuria, mashini ya kushona, bitenge yote isipokuwa moja, ile kuukuu. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya beseni kama vile nilikuwa ninasimama mbele ya depo. Ilikuwa saa ine, saa ya jua. Sikuiondoa.

Angélique akakuja mpaka pale, mikono nyuma.

"Nini hii iko hapa?"

"Fulwe. Ya dada yako."

Akainama, akaangalia. Akanyoosha mugongo, akaita bengine. "Kujeni muone. Papa Chola anachunga fulwe." Kiisha akanigeukia. "Na unasimama vile unafikiri nitaichukua? Nibebe fulwe kwenda kwetu Kasenga? Kule tunazitupa, zinakula samaki mu wavu. Na harufu yake hii, mulamu, utaoa tena namna gani?"

Bakacheka bote. Miezi saba mu giza, kobe mbili kuharibika, na hakuna muntu hata moja alikuwa anaitaka.

"Lakini beseni ni ya dada," Angélique akasema.

Akanyanyua kobe na bidole mbili, akaiweka chini pa udongo mbele ya bilato yangu, akamwanga mayi, akabeba beseni ku kamyoneti. Hiyo ilikuwa haki yake. Nilisimama na kobe inatembea pa lupango kutafuta mayi, inavuta ile muguu ya bidole mbili kukosa.

"Papa Chola."

Ilikuwa Clotilde, pa ukuta. Alikuwa amenyoosha beseni ya plastiki ya bulu. Ukuta vile iko mufupi, hakuinua hata kisigino.

"Chukua," akasema. "Na wewe usipande, nitaleta jiwe mwenyewe."

Nilichukua. Nyuma yake niliona Constantin, na ile kobe yangu, nzima, imelala juu ya jiwe, miguu ine nyuma. Akaigonga na kucha. Sijui kama alikuwa ananichokoza. Ilianza kulia.

Ya kwangu leo pembeni imeshika. Katikati bado inabonyea kidogo. Ninaibonyeza kila samedi, kiisha ninapita kwa mulango kuenda kubonyeza ile ya Constantin, na ya Constantin bado inashinda. Nimeanza kuichemushia mayai mbili kwa siku. Mwenyewe ninakula mayai, kobe inakula maganda. Tutaona mwezi ya kumi na mbili nani ataleta nini kwa nani.

Wiki iliyopita shefu wa kartie alifika, yeye mwenyewe, na kigari imejaa matofali. Miaka mbili nilimuomba. Nikamuuliza mistari tatu itaangusha kivuli mpaka wapi. Tukapima na kamba. Ingefika pa beseni mpaka saa tatu ya asubui. Nikamuambia arudi nayo.

Alikasirika, akasema mimi ni muntu wa kulalamika bure. Vile njo bakubwa. Kintu banakuleteaka siku hauitaki tena.